Namba za binti yangu zilikuwa zikisomwa na nani?

Kwa Mhariri,

Mimi ni muuza mahamri. Kibanda changu kiko Kisauni, upande wa Bakarani, na ukipita pale kabla ya saa moja asubuhi utanikuta na makarai mawili motoni, moja la mahamri na moja la viazi, na sufuria ya mbaazi za nazi kando. Naitaja kazi yangu mapema usije ukaniona mnafiki huko mbele nitakapoanza habari za sukari. Mtaa wangu wote wafungua kinywa kwa mkono wangu.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya maneno ninayoyasikia kila siku, redioni na mabarazani, kwamba afya sasa imehamia kwenye simu. Mjamzito mwenye sukari, wanasema, hana haja tena ya kuhangaika na foleni. Atapima mwenyewe nyumbani, ataingiza namba kwenye programu, na mambo yatakwenda. Binti yangu ameipita njia hiyo tangu wiki ya 26 ya mimba hadi wiki ya 38, nami nilikuwa ubavuni mwake kila alfajiri. Sina ugomvi na simu. Hata biashara yangu nusu yake yaingia kwa M-Pesa. Nina swali moja tu, na ndilo nililoliweka juu ya barua hii.

Ni mimba yake ya kwanza, na kwa desturi yetu alikuja kwangu kungojea kujifungua. Mumewe yuko Dubai, ni mlinzi wa majumba. Kwenye wiki ya 26 kliniki wakamwambia aje na tumbo tupu kwa kipimo cha glukosi. Wengi hawakijui, kwa hiyo nakieleza. Hutolewa damu kwanza, kisha hunyweshwa gramu 75 za glukosi iliyokorogwa kwa maji, halafu damu hutolewa tena baada ya saa moja na tena baada ya saa mbili, na muda wote huo umekaa kwenye benchi, huli wala hutembei. Nilikuwa na ndimu kwenye mkoba. Nikamwomba sista ruhusa, nikamkamulia kwenye kile kikombe, maana utamu ule wachefua hata asiye na mimba. Hata hivyo nusura atapike.

Majibu yalikuwa 5.4, 10.6 na 8.9. Tangu mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa 5.1 kabla ya kula, 10.0 baada ya saa moja na 8.5 baada ya saa mbili, na mjamzito akifikia hata mpaka mmoja tu huhesabiwa kuwa na kisukari cha mimba. Binti yangu aliivuka yote mitatu. Akaanza kulia pale pale, akijilaumu kwa soda alizokunywa. Sista akamwambia si soda. Kondo la nyuma, akasema, hutoa homoni zinazoikinza insulini ya mama, ile inayoshusha sukari mwilini, na kadiri mimba inavyokua ndivyo kongosho linavyodaiwa insulini zaidi. Kwa wengine hulipa, kwa wengine hushindwa. Sukari ya mama huvuka kwenda kwa mtoto lakini insulini ya mama haivuki. Mtoto hulazimika kutengeneza yake, kwa wingi, na insulini hiyo ndiyo inayomnenepesha. Akizaliwa, ile sukari ya mama imekatika ghafla na insulini bado anayo tele, basi yake yeye hushuka.

Hapo ndipo mimi niliponyamaza. Mwaka 1994 nilimzaa mtoto wangu wa tatu, kilo nne na nusu na zaidi. Mkunga alimzungusha wodi nzima akimwonyesha kina mama wenzangu. Nyumbani vigelegele, shangazi zake wanasema mtoto kashiba tumboni. Usiku ule wa kwanza alitetemeka mikono na midomo, wakampa maji ya glukosi kwa kijiko, na kulipokucha alikuwa mzima. Hakuna aliyeniuliza wala kunieleza kitu. Mwaka 2011 nikaambiwa nina kisukari, nikadhani kimeanzia hapo. Miaka 17 nilikuwa nimetembea na onyo nisilolijua, na sasa nimekaa kwenye benchi ya kliniki nikilisikia kwa mara ya kwanza, naelezwa kupitia mwanangu.

Basi nikajiapiza kwamba huyu atapimwa vilivyo.

Kliniki yenyewe sitaitaja. Kulikuwa na kijana mmoja mwenye fulana ya mradi, mpole, akamwekea binti yangu programu kwenye simu. Mara nne kwa siku: alfajiri kabla ya kula, kisha baada ya chai, baada ya chakula cha mchana na baada ya cha usiku. Kabla ya kula iwe chini ya 5.3, saa moja baada ya kula iwe chini ya 7.8, na ukipima baada ya saa mbili iwe chini ya 6.7. Ukiingiza namba, programu hutoa rangi. Kijani ni sawa, manjano ni hadhari, nyekundu nenda kliniki. Nikaona ni jambo la maana.

Mashine ya kupimia alituma mkwe wangu kutoka Dubai, ndani ya sanduku la jirani aliyekuwa akirudi. Mashine nzuri, ndogo kama sabuni ya hotelini. Siku ya kwanza binti yangu alijichoma kidole, akaweka tone la damu, na kioo kikaandika 110. Nyumba nzima tukashtuka. Mia na kumi, na kliniki wamesema isipite tano nukta tatu! Kumbe huko mashine nyingi husoma kwa miligramu na kliniki zetu husoma kwa milimoli, nawe lazima ugawanye kwa 18. Mia na kumi gawanya kwa kumi na nane ni 6.1. Programu nayo ilikuwa ya milimoli, ukiipa 110 inakataa. Kwa hiyo kila alfajiri mimi, mikono imejaa unga, ndiye niliyekuwa nikipiga hesabu ya kugawanya kwenye daftari langu la madeni, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu. Ukilifungua leo utaona: bodaboda wa stejini mahamri 6 na chai 1, kinyozi 80, mwalimu wa madrasa 120, na katikati yao, 110 kwa 18 sawa na 6.1.

Sasa sikiliza mkasa. Programu ile ilikuwa na Kiswahili, na kijana alijivunia hilo. Kwenye nafasi ya kwanza ya siku imeandikwa "Sukari ya kufunga". Sisi huku kufunga ni Ramadhani, ni sita za Shawwali, ni Jumatatu na Alhamisi kwa mwenye kuweza. Binti yangu hakuwa amefunga, na daktari alikwisha kumkataza asifunge. Akaona nafasi ile haimhusu, akaiacha tupu, na namba ya alfajiri tukawa tunaitia kwenye nafasi ya chini yake iliyoandikwa "Vipimo vingine", ambayo huuliza saa. Laiti aliyetafsiri angemuuliza mama yeyote wa Kisauni, angeambiwa kuna neno zuri la kale: kabla ya kufungua kinywa. Au aseme kabla ya staftahi. Hapana, kachukua kamusi.

Kosa la pili ni langu na nalikubali mbele ya wasomaji wako. Binti yangu hakutaka kuiona ile namba ya alfajiri mara mbili. Ilikuwa ikimharibia siku. Akaniachia mimi. Naiandika daftarini kabla ya adhana, nikitoka kibandani saa saba mchana ndipo naiingiza kwenye simu. Programu yaniuliza saa. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, na mimi nimezaliwa, nimelelewa na nimezeeka katika saa za Kiswahili. Nikaandika 11:00.

Simu kwa akili yake ikaelewa saa tano asubuhi, mtu amekwisha kunywa chai. Kwa aliyekula, 6.1 si kitu. Kijani. "Hongera, endelea hivyo hivyo!" Kesho yake 6.3, kijani. Kesho kutwa 5.9, kijani. Siku kumi na nne nilikuwa nikipongezwa na simu kwa sukari ambayo ilikuwa juu, mimi natabasamu na kumpelekea mkwe wangu picha ya kioo cha simu huko Dubai, naye anajibu kwa vikopa.

Wiki ya 29 tukaenda kliniki. Picha ya tumbo ikaonyesha mtoto amezidi kidogo upande wa tumbo lake. Daktari, binti mdogo tu, akauliza sukari zinaendaje. Tukatoa simu kwa fahari. Sista akasema hiyo hawana pa kuifungulia, kwao hawaioni, hakuna kitabu? Nikaona haya, lakini nikalitoa lile daftari, lina madoa ya mafuta kila ukurasa. Daktari akacheka alipofika kwa mwalimu wa madrasa. Halafu akaacha kucheka.

"Mama, hii kumi na moja ni ya alfajiri?"

"Ya alfajiri, mwanangu. Kabla ya adhana."

Akashika kalamu akawa anazungushia moja moja. Katika alfajiri kumi na nne, kumi na moja zilikuwa zimepita 5.3. Za baada ya kula nyingi zilikuwa sawa. Dakika mbili hazikupita akasema mchana chakula kinatosha kuidhibiti, ni usiku ndiyo inayopanda, na akamwandikia insulini kidogo ya kujidunga pajani kabla ya kulala. Nilipouliza kama dawa hiyo haitamdhuru mtoto alinikumbusha maneno ya sista, kwamba insulini haivuki kondo.

Nilipotoka nilimtafuta kijana wa fulana. Nilimuuliza kwa adabu: zile namba tulizokuwa tukiingiza, nani huzisoma? Akaniambia zinakwenda kwenye mfumo. Nikamuuliza mfumo ni nani. Akacheka, akadhani natania. Sikuwa natania. Nilitaka kujua kama kuna mtu, ana jina, ana kiti, ambaye wiki zile mbili angeona mjamzito hajawahi hata siku moja kujaza nafasi ya asubuhi na akajiuliza kwa nini. Mtu huyo angepiga simu ya dakika moja na makosa yetu yote mawili yangekwisha. Mwisho akanieleza kwamba namba zinakusanywa kwa ajili ya ripoti ya mwisho wa robo mwaka. Mhariri, mimba haina robo mwaka nyingi. Ina tatu.

Na kwa kuwa tumegusa hapo: sheria yetu ya kulinda data, ya mwaka 2019, inahesabu habari za afya kuwa ni nyeti. Binti yangu alibonyeza "Nakubali" bila kuambiwa namba zake zinakwenda wapi. Mimi mwenye kumdai kinyozi shilingi 80 naficha daftari langu.

Nisiseme mabaya matupu. Mashine yenyewe, ile ndogo, ilitufundisha mambo ambayo mihadhara haikuweza. Binti yangu alikuwa ameambiwa aache kila kitu. Aache mahamri, aache wali, aache muhogo, akala mchicha siku tatu na kulia siku ya nne. Nikamwambia kaa, tujaribu, mashine tunayo. Siku ya kwanza mahamri mawili, mbaazi kiasi, na chai ya maziwa yenye sukari: saa moja baadaye 173, yaani 9.6. Siku ya pili hamri moja, bakuli la mbaazi limefurika, chai bila sukari: 133, yaani 7.4. Mbaazi zina nyuzinyuzi na protini, sukari yake hutoka pole pole, daktari alituthibitishia. Siku ya tatu vivyo hivyo, kisha tukatembea hadi stejini na kurudi, dakika ishirini, ikashuka zaidi. Na uji! Uji wa wimbi wenye sukari na ndimu, ambao kila mama wa Pwani humnywesha mwanawe mjamzito kama dawa, ulitupa 184. Hiyo ni 10.2. Nilikuwa nimemtilia kibaba cha sukari mwenyewe, kwa mapenzi.

Haya programu haikuyajua. Orodha yake ya vyakula ilikuwa na shayiri, brokoli na kitu kiitwacho kinoa. Nilipoandika mahamri ilijibu "Chakula hakijapatikana". Chakula kinachopatikana kila kona kuanzia Likoni mpaka Bamburi! Cha karibu ilichokuwa nacho ni donati, na donati haina hiliki wala tui wala haiambatani na mbaazi. Samaki wa kupaka hayumo. Sima imo, imeandikwa "polenta".

Gharama nayo isipitwe kimya. Kila mashine hula vijiti vyake yenyewe vya kuwekea tone la damu, wengine huviita stripu, vya mashine nyingine haivitaki. Mara nne kwa siku kwa wiki 12 ni vijiti 336. Pakiti ina 50, kwa hiyo ni pakiti saba. Mimi nilizipata kwa Sh1,500 kila moja kwenye duka la dawa Mwembe Tayari, tena baada ya kuzunguka maduka manne. Jumla Sh10,500, na mahamri yangu nauza shilingi kumi kumi. Piga hesabu mwenyewe ni mahamri mangapi. Mtu anaposema programu ni ya bure, ni kweli, kama vile karai ni la bure ukishanunua unga, mafuta, hamira na makaa. Wiki ya 35 tulianza kuruka kipimo cha mchana ili vijiti vifike mwisho wa mwezi. Programu ikatuletea ujumbe wa kutukumbusha kwamba kupima ni muhimu.

Nije kwenye usiku ule. Wiki ya 33, saa saba na kitu, nasikia naitwa kutoka chumba cha pili kwa sauti nisiyoijua. Nikamkuta amekaa kitandani, kanga imelowa jasho, mikono inamtetemeka, macho hayatulii. Nikachukua mashine, nikamchoma mimi. Kioo kikaandika 58. Na hapo, Mhariri, hesabu ya kumi na nane ikanitoka kichwani. Mimi ninayejumlisha madeni ya mtaa mzima bila kalamu, nimesimama na 58 mkononi sijui ni nzuri au ni mbaya. Nikaiingiza kwenye programu, ikakataa. Ikasema "Thamani si sahihi".

Kuna sista mmoja wa zahanati ambaye siku ile ya insulini alimwandikia binti yangu namba yake ya simu kwa peni nyuma ya kitabu cha kliniki. Namba yake mwenyewe, si ya ofisi. Nikampiga. Bahati alikuwa zamu ya usiku. Nikaanza kumwambia hamsini na nane, mashine ni ya Dubai, nagawanya kwa... Akanikata: "Mama, mpe sukari sasa hivi, hesabu baadaye. Vijiko vidogo vitatu kwenye maji, anywe yote, umpime tena baada ya dakika kumi na tano." Akabaki kwenye simu. Nilimsikia akimsemesha mgonjwa mwingine huku akinisubiri. Baada ya robo saa ikasoma 85. Akasema ale kitu, hata mkate na maziwa, na asubuhi aje apunguziwe dozi. Kesho yake nilitaka kumtumia mia mbili za salio, akakataa. Akasema wajawazito wenye namba yake ni zaidi ya ishirini, na bando ananunua mwenyewe.

Hicho ndicho kifaa cha kidijitali kilichotusaidia. Simu ya mtu, na mtu mwenyewe.

Kuna na kundi la WhatsApp la kina mama wenye sukari za mimba, nalo lina heri yake. Humo ndimo nilimojifunza kutunza insulini ndani ya mtungi mdogo wa udongo uliowekwa ndani ya mkubwa wenye mchanga wa maji, kwa nyumba isiyo na friji au umeme unapokatika. Lakini humo humo alitokea mmoja na unga wa mlonge, pakiti mia tano, akiapa kwamba ukiutumia siku saba unaachana na sindano. Wawili walimwamini. Mmoja aliacha sindano na akaishia kulazwa. Kundi lilikuwa na watu wengi na hamna muuguzi hata mmoja wa kumjibu yule muuza unga kabla hajauza.

Yule daktari wetu aliniambia kwamba Oxford, Uingereza, walikwisha kutengeneza programu ya namna hii, yaitwa GDm-Health. Mashine ya mama hutuma namba kwenye simu, simu huzipeleka hospitali, na wakunga huzifungua wakamwandikia mama au kumpigia. Walipoifanyia utafiti, sukari za kina mama wa simu zilitoka sawa tu na za wale waliohudumiwa kwa njia ya kawaida, ila wa simu waliridhika zaidi na huduma yao. Nikamuuliza, kwa hiyo simu haishushi sukari? Akasema simu haijawahi kushusha sukari, hufikisha habari kwa anayeweza. Kule mkunga yuko upande wa pili tangu siku ya kwanza. Sisi tumeagiza waya bila ya balbu.

Na watu tunao. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya wa kijamii 100,000 nchi nzima, wakapewa simu na mkoba wenye mashine ya sukari na ya presha. Wa mtaa wetu namjua, hununua mahamri kwangu, anazijua nyumba zenye mimba kuliko kadhi anavyozijua ndoa. Kwa nini namba za binti yangu zisifike kwenye simu yake, na za kutisha zisifike kwa sista wa zamu? Na kwa nini sista wa zamu asipewe simu ya kituo, salio la kituo, na saa moja ya kazi kwa siku iliyotengwa kwa kusoma hizo namba, badala ya kuifanya kwa hisani usiku wa manane? Kabla kaunti haijapokea mradi mwingine wenye fulana, iulize maneno mawili matatu kwa Kiswahili chepesi: nani atasoma, saa ngapi, na akiona baya atafanya nini. Wakijibu "mfumo", warudishwe. Na wakitaka mfasiri, waje kibandani. Sitawatoza. Kina mama wanaosubiri mahamri yao watawatafsiria orodha nzima kabla karai halijapoa, na watawaambia vile vile kwamba ukimuuliza mtu wa hapa saa, umpe nafasi ya kusema alfajiri.

Vijiti sitaki kuvirudia, lakini kama kuna fedha ya kulipia programu, basi ipo fedha ya vijiti. Ni suala la kipi kinanunuliwa kwanza.

Binti yangu alijifungua wiki ya 38, mtoto wa kike, kilo tatu na gramu mia nne. Walimchoma kisigino kumpima sukari, mara tatu siku ile, zote zikawa salama. Nilisimama pale dirishani nikamkumbuka mjomba wake wa 1994, yule aliyepewa maji ya glukosi kwa kijiko. Ana umri wa kuwa na watoto wake sasa kama angeharakisha.

Programu haikupata habari. Hakuna nafasi ya kuiambia kwamba mtoto amezaliwa, au ipo na hatukuiona. Wiki tatu baadaye, mjukuu wangu amelala mapajani mwa mamake, simu ikalia: "Uko wiki ya 41! Je, umepima sukari yako ya kufunga leo?" Halafu ikanyamaza moja kwa moja, na huko kunyamaza ndiko kulikonitia hofu zaidi, kwa sababu mimi ndiko nilikopotelea. Mwanamke aliyepata sukari ya mimba hutakiwa apimwe tena kwa ile glukosi ya gramu 75 kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua, na aendelee kupimwa kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, maana yeye yuko karibu zaidi na kisukari cha kudumu kuliko wenzake. Hilo halikumo kwenye simu. Sista ndiye aliyelisema, akiwa amesimama mlangoni na mkoba begani, zamu yake imekwisha.

Kipimo cha binti yangu ni Alhamisi ijayo, saa mbili asubuhi, saa zetu. Nimeshanunua ndimu. Tarehe nimeiandika daftarini, chini ya kinyozi, ambaye bado hajalipa.

Mama wa Mahamri,
Bakarani, Kisauni,
Mombasa